Anayetaka kusomea Asia Mashariki aanze na nyaraka, si na fomu

Mhariri,

Matangazo ya ufadhili wa China, Japani na Korea Kusini yakianza tu kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp vya wahitimu, hapa Nakuru na kule Kisumu, kinachofuata kinajulikana. Fomu hupakuliwa usiku, mada ya utafiti hubuniwa asubuhi, na barua za mapendekezo huombwa siku mbili kabla ya muda kwisha. Anayekwenda kusomea uhandisi au biashara pengine atafika kwa mbio hizo. Anayetaka shahada ya uzamili katika historia, fasihi au sinema ya Asia Mashariki hafiki, na kosa si uchache wa nafasi. Mada yake haina nyaraka anazoweza kuzisoma yeye mwenyewe.

"Ushawishi wa sinema ya China barani Afrika" au "Uhusiano wa Japani na Kenya" ni rafu nzima ya vitabu, haiingii katika tasnifu ya kurasa mia moja. Mhadhiri wa Kyoto au Seoul anayepokea mada kama hiyo huuliza mambo makavu: ni nyaraka zipi, ziko wapi, ziliandikwa kwa lugha gani na hati gani, yaani mfumo gani wa maandishi, nani anaruhusiwa kuzifungua, na wewe unasoma kurasa ngapi kwa wiki. Pendekezo lisilojibu hayo huwekwa kando hata kama mwandishi wake ana daraja la kwanza kutoka Maseno, Egerton, Moi au Masinde Muliro.

Wengi huamini cheti cha lugha kitawavusha. Katika eneo letu Kichina kinafundishwa Njoro, kwenye Taasisi ya Confucius ya Egerton inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, na Eldoret, kwenye ile ya Chuo Kikuu cha Moi inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Donghua. Ya kwanza inaegemea kilimo, ya pili nguo, na hilo si kosa lao. Wala sina ugomvi na ufundishaji wao. Lakini katika mfumo wa ngazi sita ambao wanafunzi wengi wameuzoea, HSK ya 4, mtihani wa Kichina kwa wageni, hupima maneno 1,200 na ya 5 hupima 2,500, yote kwa herufi zilizorahisishwa. Herufi hizo zilitangazwa mwaka 1956 na orodha yake kamili ikatoka 1964. Gazeti la Shenbao la Shanghai, lililochapwa kuanzia 1872 hadi 1949, lina herufi za jadi, mistari ya wima inayosomwa kutoka kulia, na katika miongo yake ya mwanzo halina alama za uakifishaji tunazozijua leo. Hata Renmin Ribao, gazeti la chama, liligeuza mistari kuwa ya mlalo Januari 1, 1956. Mwenye HSK ya 5 anayeahidi kuchunguza magazeti ya Shanghai ya miaka ya 1920 atafika maktabani na kukwama kwenye kichwa cha habari.

Dawa ipo, ila haimezwi wiki ya mwisho. Ile orodha ya 1964 ina majedwali matatu. La pili lina herufi 132 na vijenzi 14, na hivyo ndivyo vinavyozaa herufi zaidi ya 1,700 za jedwali la tatu. Jifunze jedwali la pili kwa sura zote mbili, ya jadi na iliyorahisishwa, na la tatu litasomeka karibu lenyewe. Lile la kwanza, lenye herufi kama 350, halifuati kanuni hiyo, kwa hiyo likaririwe moja moja. Aanzaye kazi hii akiwa ngazi ya 3, herufi tano kwa siku, hutumia miezi mitatu hivi. Anayeingojea hadi afike Beijing huifanya huku akidaiwa insha za darasani.

Nyuma ya miaka ya 1910 kuna ukuta mwingine, Kichina cha kale, chenye sarufi yake. Na ukuta huo haupo China peke yake. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea za enzi ya Joseon, ambao mitaa ya Milimani na Section 58 imejaa, hushangaa kuambiwa kwamba TOPIK ya 4, mtihani wa Kikorea kwa wageni, haiwafungulii nyaraka za enzi hiyo. Mfalme Sejong alikamilisha alfabeti ya Kikorea mwaka 1443 na kuitangaza 1446, lakini serikali iliendelea kuandika kwa Kichina cha kale hadi mageuzi ya 1894. Nafuu ni kwamba kumbukumbu rasmi za wafalme wa Joseon, kuanzia 1392 hadi 1863, zimewekwa mtandaoni bure pamoja na tafsiri ya Kikorea cha leo. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuegemea tafsiri hiyo mradi amsaili mtaalamu kuhusu vifungu anavyovijengea hoja. Wa uzamifu hana njia ya mkato.

Japani ilirekebisha maandishi mwaka 1946: tahajia ya kana, herufi za silabi za Kijapani, ikabadilishwa na orodha ya herufi 1,850 ikawekwa. Vitabu vya kabla ya hapo vinasomeka kwa mazoezi ya miezi kadhaa. Maandishi ya mkono ya karne za nyuma ni kozi nzima, na ningemshauri mwanafunzi anayetoka kwetu ayakwepe katika uzamili. Kwa Korea hata mwaka 1945 si mpaka salama, maana magazeti yaliendelea kuchanganya alfabeti na herufi za Kichina kwa miongo. Hankyoreh, lililoanza 1988, ndilo lililojitokeza kwa alfabeti tupu. Kwa ufupi, amua kwanza hati unayoweza kuisoma kufikia mwaka wa pili wa masomo, halafu hati hiyo ikupe kipindi, na kipindi kikupe mada.

Sasa, mada zipi zinampa mtu wa huku nguvu ambayo mwenzake wa Tokyo hana? Kabla ya kuzitaja, nimwombe msomaji amwache twiga wa Malindi apumzike. Ni kweli alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China mwaka 1415, na ni kweli kila anayetoka Afrika Mashariki humwandika. Tena wengi humnukuu Ma Huan, mkalimani wa msafara wa meli wa amiri Zheng He wa China, kana kwamba alieleza pwani yetu. Kitabu chake kinaishia Makka. Aliyeitaja Mogadishu na Barawa ni Fei Xin, kwa aya fupi fupi. Msomaji wa mapendekezo akiona kosa hilo hafungui ukurasa wa pili.

Kiswahili chenyewe ni lugha ya nyaraka za Asia Mashariki. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili Septemba 1, 1961, na shirika la uchapishaji la lugha za kigeni la Beijing lilitoa vitabu na vijitabu kwa Kiswahili katika muongo huo huo. Anayesoma Kichina cha baada ya 1956 na Kiswahili kwa urahisi ule ule anaweza kulinganisha kilichosemwa nyumbani na kilichotumwa kwetu, msamiati kwa msamiati. Tahadhari ni moja: asijenge kazi juu ya hifadhi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China. Ilifunguliwa 2004 na kufikia kutoa faili za hadi 1965, lakini kuanzia 2012 na 2013 sehemu kubwa ilifungwa tena, na vitabu vya mwongozo vya miaka ile bado vinaisifu. Atumie magazeti, kumbukumbu za wanadiplomasia zilizochapishwa, Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, na faili za Waingereza zilizoko Kew, kwenye hifadhi yao ya kitaifa London. Jaramogi Oginga Odinga alizuru Beijing mwaka 1960. Mtu wa Bondo au Kisumu anayefuatilia safari hiyo ana wazee wa kuhoji ambao mwanafunzi wa Shanghai hawezi kuwapata.

Mada ya pili inapita bandarini Kisumu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kwa miaka mingi pamba ya Uganda ilivushwa kwa meli hadi Kisumu ndipo ipakiwe kwenye treni kwenda Mombasa, mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931 na kuichukua sehemu ya mzigo huo. Wajapani walikuwa wanunuzi wa pamba hiyo na wauzaji wa vitambaa vilivyorudi. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen ilianzisha safari za kawaida za Afrika Mashariki mwaka 1926. Uingereza haikuweza kuvitoza vitambaa vya Japani ushuru wa kibaguzi hapa kwetu, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, iliyorekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, ililazimisha mlango wa biashara uwe wazi kwa waliotia sahihi, Japani ikiwemo. Nyaraka za upande wa Japani za kabla ya 1945 zimo katika Kituo cha Kumbukumbu za Kihistoria za Asia, JACAR, kilichofunguliwa 2001. Picha za kurasa hutolewa bure, huhitaji kupanda ndege. Kinachowakwamisha watu ni utafutaji. Ukiandika Kenya kwa tahajia ya leo ya katakana, kana ya maneno ya kigeni, yaani Kenia, utakosa faili nyingi zilizoandikwa Keniya. Jaribu zote mbili, kisha Monbasa, Uganda, na majina ya makoloni kwa herufi za Kichina kama yalivyoandikwa enzi hizo. Faili za kwanza zitakuwa na mwandiko wa mkono. Ruka uende kwenye taarifa za biashara zilizochapwa, zenye majedwali ya marobota na bei.

Katika fasihi, mada ninayoiona tajiri kuliko zote imelala machoni petu. Mwaka 1970 mshairi wa Korea Kim Chi-ha alichapisha katika jarida la Sasanggye utenzi wa kejeli kuhusu wezi watano: tajiri wa makampuni, mbunge, mkubwa wa serikali, jenerali na waziri. Aliusuka kwa mtindo wa pansori, ule wa mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, na akatiwa mbaroni. Miaka kumi baadaye riwaya ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika Kamiti, ilileta mashindano ya wezi na wanyang'anyi ndani ya pango. Si kisio la mhakiki. Ngũgĩ mwenyewe, katika insha zake za kuhusu lugha, amemtaja Kim kuwa mmoja wa waliomwonyesha jinsi simulizi za jadi zinavyoweza kubeba kejeli ya kisiasa. Mwaka 2016 Korea ilimtunuku Ngũgĩ tuzo ya Pak Kyongni. Tasnifu nyingi zinazogusa jambo hili husoma tafsiri mbili za Kiingereza na kuzilinganisha, na hapo ndipo zinapovuja. Kim aliyaandika majina ya wezi wake kwa herufi adimu za Kichina zenye alama ya mnyama, zikitamkwa sawasawa na vyeo halali. Sikio linasikia cheo, jicho linaona hayawani. Tafsiri haina namna ya kuibeba hila hiyo. Nakuru imejaa wasomaji wazuri wa Kigikuyu. Mmoja wao akiongeza Kikorea na herufi za Kichina mia chache, atakuwa ameketi mahali ambapo duniani wameketi watu wa kuhesabika. Achague vifungu vitatu vya kila kazi, si kazi nzima, avichambue mdundo kwa mdundo. Na asikimbilie kuongeza mpiga nyatiti kwa kuwa naye huimba peke yake. Ulinganisho wa tatu usio na ushahidi wa mawasiliano huidhoofisha hoja ya kwanza.

Sinema nayo ina mlango wake hapa hapa. Vibanda vya video vya Kondele na Kaptembwa vimezoea sauti ya DJ Afro ikieleza filamu juu ya mazungumzo yake, na Tanzania ilikuwa na msimulizi wake, Lufufu. Japani ilikuwa na kazi hiyo hiyo enzi za filamu bubu: benshi, aliyesimama kando ya skrini akieleza, akiigiza sauti zote na mara nyingine akiibadili hadithi. Mwaka 1927 walikuwa zaidi ya 6,000. Korea iliyotawaliwa na Japani ilikuwa na wake, byeonsa. Filamu za sauti zikaja na kuwaondolea riziki katika miaka ya 1930. Vyanzo vipo: santuri za masimulizi yao, majarida ya wakati huo, na Jumba la Makumbusho ya Tamthilia la Chuo Kikuu cha Waseda lililofunguliwa 1928. Filamu zenyewe ndizo chache, kwa kuwa nyingi zilipotea, baadhi katika tetemeko la Kanto la 1923, nyingine vitani. Upande wetu kinyume chake: filamu zipo, masimulizi ndiyo yanapotea kadiri diski zinavyokwaruzika. Anayetaka mada hii aanze kukusanya sasa. Saa moja ya masimulizi yaliyochanganyika na milio ya filamu huweza kula saa sita au zaidi kuinakili, basi apange masimulizi manne au matano, asiahidi hamsini.

Kuhusu uchambuzi wa picha, kuna mambo madogo yanayoharibu kazi nzuri. Karibu filamu zote za kabla ya 1953 zilipigwa katika fremu ya uwiano wa nne kwa tatu. Runinga na programu nyingi za kompyuta huzivuta zijaze skrini pana, nyuso zikatanuka, na mwanafunzi akaandika aya nzima kuhusu "upana wa uwanja" ambao mwongozaji hakuuweka. Zima mpangilio huo kwanza. Filamu bubu iliyopigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 24 huwafanya watu watembee kama wanafukuzwa. Na filamu za mapigano za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970 zilipigwa bila sauti na mazungumzo kuwekwa baadaye studioni, hivyo Kimandarini unachokisikia nacho ni sauti iliyobandikwa; usijenge hoja juu ya pumzi ya mwigizaji. Nakala zilizozunguka Afrika Mashariki mara nyingi zilikatwa. Linganisha dakika zake na zile zilizoandikwa katika katalogi ya Hifadhi ya Filamu ya Hong Kong kabla ya kusema chochote kuhusu muundo.

Kazi yenyewe hufanywa kwa jedwali. Chagua dakika kumi, si filamu nzima. Safu ya kwanza namba ya picha, yaani kipande kati ya mkato na mkato, ya pili sekunde zake, ya tatu umbali wa kamera, ya nne mwendo wake, ya tano maneno kwa lugha asilia, ya sita tafsiri yako mwenyewe. Picha ikichukua wastani wa sekunde nane utapata mistari 75, na kuijaza kwa uangalifu ni kazi ya siku mbili au tatu. Safu ya tano ndiyo wengi huiacha tupu wakaegemea maandishi ya chini ya skrini. Maandishi hayo hufupishwa ili yasomeke kwa wakati, na viwango vya heshima vya Kijapani au Kikorea ndivyo vinavyokatwa kwanza. Mke anayebadili namna ya kumsemesha mumewe katikati ya ugomvi hutoweka kabisa. Hifadhi ya Filamu ya Korea imeweka filamu nyingi za zamani YouTube bure zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na kwa anayeanza hakuna darasa rahisi kuliko hilo.

Kwa vitabu vya Kijapani, maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko ina kazi zilizokwisha muda wa hakimiliki. Japani iliongeza muda huo kutoka miaka 50 hadi 70 mwishoni mwa 2018, kwa hiyo waandishi waliofariki 1967 au kabla wamo, na waliofariki 1968 hawataingia hadi 2039. Tanizaki utampata, Kawabata hutampata. Kwa Kichina cha kale kuna maktaba ya mtandaoni ya Chinese Text Project.

Ukienda maktaba zetu, kumbuka vitabu vya zamani viliorodheshwa kwa tahajia za zamani. Lu Xun ni Lu Hsun, Mao Zedong ni Mao Tse-tung, na Kim Chi-ha wa jana ni Kim Ji-ha wa leo. Jina la ukoo hutangulia. Ukilitafuta kama jina la mwisho, karani atakuambia kitabu hakipo.

Fomu sasa. Ufadhili wa Serikali ya China hudai mpango wa masomo wa maneno yasiyopungua 800 kwa uzamili, na nusu ya tunayoyaona huyamaliza kwa urafiki wa mataifa. Sentensi moja ya urafiki inatosha. Wa Japani, kupitia ubalozi, una mtihani wa lugha na mahojiano, na tangazo lake kwa kawaida hutoka kati ya Aprili na Juni. Wa Korea huanza mapema zaidi, Februari au Machi, na kwa uzamili ni miaka mitatu: mmoja wa lugha, ambao lazima ukupe TOPIK ya 3, na miwili ya shahada. Huu wa Korea una mtego kwa Wakenya. Hudai alama 80 kwa mia, na vyuo vyetu hutoa daraja la kwanza kwa 70. Usikate tamaa wala usijikadirie mwenyewe. Omba ofisi ya msajili barua rasmi inayoeleza mfumo wa alama na nafasi yako darasani, maana aliye katika asilimia 20 ya juu hukubaliwa. Barua hiyo huchukua wiki, wakati mwingine mwezi.

Fomu ya afya ya China isijazwe mapema mno, kwa kuwa matokeo hudumu miezi sita. Picha yako lazima igongwe muhuri wa hospitali ukipita juu yake, daktari atie sahihi, na kisiachwe kisanduku hata kimoja. Hospitali zetu huzoea kugonga muhuri chini ya ukurasa na kusahau picha, na fomu hiyo ni batili. Alama za vidole za cheti cha tabia njema huchukuliwa Huduma Centre za Nakuru na Kisumu, usipoteze nauli ya Nairobi kwa hilo.

Barua kwa msimamizi mtarajiwa itangulie vyote, miezi minane au tisa kabla. Aya ya kwanza itaje makala yake moja uliyoisoma na jambo moja ndani yake unalotaka kulifuata. Ya pili itaje nyaraka zako, hifadhi zilizoko na hati yake. Ya tatu iseme ukweli kuhusu lugha: unasoma nini bila kamusi, nini kwa kamusi, na nini bado. Ambatisha kurasa mbili za tafsiri yako ya chanzo kimoja, chanzo chenyewe kikiwa kando. Usiombe fedha katika barua hiyo, usimwite "Dear Sir" akiwa mwanamke, na jina la faili liwe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mhadhiri wa historia,
Njoro, Nakuru